Nishikie Kofia, Mama

Kwa maoni ya Fundi, huo ulikuwa mchezo mbovu kuliko yote iliyoonyeshwa mwaka huo, na Jumapili hiyo alikuwa anakwenda kuutazama kwa mara ya kumi na mbili.

Si kwamba hakujua mchezo mzuri. Alikuwa ameshona nguo za watu miaka arobaini, na tangu macho yalipomlazimisha kuacha cherehani, ukumbi wa maigizo ndio uliokuwa kazi yake. Hakuna kilichompita. Kwenye ule mchezo wa ikulu ya kale waliourudisha mwezi wa pili, mfalme alivaa joho lenye zipu mgongoni. Tangu aione zipu ile, Fundi hakusikia tena neno la mfalme. Kwenye ule wa mauaji, maiti alipiga chafya, na hapo ndipo pekee palipoigizwa vizuri. Na huu wa sasa? Mjane analia nusu saa nzima bila chozi hata la kusingizia, na pindo la gauni lake jeusi limefumuka tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyejisumbua kulitia uzi.

"Sasa kama ni mbovu hivyo, unafuata nini huko?" aliuliza jirani yake, muuguzi, aliyemkuta akifunga mlango.

"Viti vyao vinanifaa mgongo."

"Mgongo!" Muuguzi akacheka. "Sema unamfuata yule bwana wako wa kofia."

Fundi hakukana. Siku moja upweke ulipomzidi, alikuwa amemsimulia muuguzi habari za bwana huyo. Wao hukaa safu ya tatu, Fundi kiti cha kwanza kando ya njia, bwana kiti cha pili. Kila Jumapili bwana humwuliza kama amekuja peke yake. Kisha humwuliza, "Watoto hawajambo?" Mara ya kwanza Fundi alimwambia ukweli, kwamba hakujaliwa. "Ndiyo dunia, mama," akajibu bwana kwa upole. Jumapili ya pili alipoulizwa tena, alisema anao watatu, wote wako ng'ambo. "Ndiyo dunia, mama." Jumapili ya tatu akawaongeza wakawa saba. Ndiyo dunia. Halafu, mchezo ukishaanza, bwana humwachia kofia. "Nishikie kofia, mama, narudi sasa hivi." Wala harudi, kofia huja kuchukuliwa na mhudumu wakati wa mapumziko.

"Kumbukumbu imeanza kumtoka, maskini," muuguzi alikuwa amesema. "Nawaona sana wodini. Huyo anasahau hata kiti chake kiko wapi. Usimtilie maanani, utaumia bure."

Mtu mwingine angeudhika kuulizwa lile lile wiki hata wiki. Fundi hakuudhika. Nyumbani kwake hapakuwa na wa kumwuliza chochote. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi aliyemsemesha ni redio, nayo redio haingoji jibu.

Lakini leo bango la mlangoni lilisema SIKU YA MWISHO. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na tiketi mbili za mwezi ujao, za vichekesho vya zamani ambavyo ukumbi uliahidi kuvirudisha. Fundi alikuwa amejiapiza: leo muulizaji atakuwa yeye, na kabla mchana haujaisha, atakuwa amepata kwa bwana yule neno ambalo hajawahi kulisikia.

Bwana alifika ukumbi umekwisha kujaa. Akapita mbele ya magoti ya Fundi akiomba radhi, akaketi, akaipakata kofia.

"Umekuja peke yako, mama?"

"Peke yangu."

"Watoto hawajambo?"

"Sina watoto, bwana. Sikujaliwa." Alisema hivyo akimkazia macho.

"Ndiyo dunia, mama."

Taa zikazimwa. Pazia likafunguka, na mjane akaanza kilio chake kikavu, pindo limefumuka vile vile. Fundi hakumsikia. Moyo ulimdunda kama wa msichana hata akajionea haya, uzee wote huu! Akangoja. Mjane alipoanza kuwaeleza wageni jinsi mumewe alivyokufa, Fundi akajua muda umemwishia. Akazitoa tiketi mkobani.

"Mwezi ujao," akanong'ona, "wanarudisha vichekesho vya zamani. Nimepata viti viwili. Twende wote. Sitaki maneno mengi. Niambie tu utakuja, au hutakuja."

Bwana akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimtazama kweli, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa jina lake.

Jukwaani, mjane akainua mikono juu. "Ewe marehemu mume wangu," akalia, "laiti ungekuwapo leo!"

"Nishikie kofia, mama," akanong'ona bwana. "Narudi sasa hivi."

Taa kubwa ikageuka kutoka jukwaani, ikaangukia safu ya tatu. Bwana akasimama, akamnyooshea mjane kidole. "Mwongo mkubwa wewe!" akapaza sauti iliyojaza ukumbi mzima. "Mumeo si ndiye mimi?"

Watu mia tatu wakaruka vitini mwao. Fundi peke yake hakushtuka. Alikuwa amekwisha kusogeza magoti ampishe, kama Jumapili zote kumi na moja, kofia mapajani na tiketi zote mbili mkononi.