Kibali cha Kwenda Mwanza

Waliohudhuria: Mzee Nyangwine, mwenyekiti wa kijiji, Nesi Theodosia wa zahanati, Mwalimu Projestus, kocha, Bernadetha, mjane, na mwanawe Hezekia, mwendesha baiskeli wa mashindano.

Hezekia alichagua kiti cha mlangoni.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya tatu tangu kipindupindu kiingie tarafani. Watu tisa walikwisha kuzikwa. Kamba ilifungwa barabarani, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka kijijini bila saini ya nesi.

"Jumamosi wanachagua timu Mwanza," alisema Mwalimu Projestus. "Shirika la umma linaajiri waendeshaji sita. Kazi yao ni baiskeli tu, na mshahara kila mwezi. Huyu ameshinda mbio za Musoma mara mbili. Ana miaka ishirini na sita, mwakani hawatamtazama."

"Na maji ya njiani?" aliuliza nesi.

"Wanapokezana chupa. Ndivyo mbio zilivyo."

"Basi jibu umelitoa mwenyewe, Mwalimu."

Mzee Nyangwine alicheka. "Nesi, tangu utoke Bukoba unaogopa hata vumbi letu. Mtazame huyu mura, kijana mzima! Kipindupindu kitamfukuza mpaka kichoke chenyewe."

Hezekia hakucheka. Alitoka nje kukagua upepo wa tairi, kwa mara ya tatu.

"Wasiwasi wa mashindano," kocha alieleza. "Huwa hivyo kila mara."

Nesi alimgeukia Bernadetha. "Mama, nitasaini kwa sharti moja. Niambie mbele ya hawa: nyumbani kwako yuko mgonjwa?"

Bernadetha alisimama, akajifunga khanga vizuri. "Mume wangu alikufa akichunga ng'ombe wa watu. Huyu hatachunga. Nyumbani kwangu hakuna mgonjwa."

Nesi alisaini. Mwenyekiti akagonga muhuri.

Kwa desturi ya huko, msafiri haagwi kwa maneno matupu. Bernadetha alifunua ugali wa wimbi aliousonga mwenyewe, nao wakazunguka sinia moja. Mwenyekiti alimega tonge la kwanza. Kocha, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, alimega makubwa makubwa. Hata nesi, baada ya kusita, alinawa na kumega, asije akaonekana anamdharau mama wa watu.

Hezekia alirudi, akasimama kizingitini. Walimwita aje ale, hakusogea. Aliitazama mikono yao ndani ya sinia. Kisha alikwenda mezani, akachukua kibali, akalisoma jina lake taratibu, akakirudisha mahali pake.

"Sitakwenda," aliwatangazia. "Acheni kula. Naharisha tangu alfajiri, na mikono iliyosonga huo ugali ndiyo iliyonifulia shuka."