Siku Tisa Bila Kukatika

Nukta kumi na saba zilizimika ubaoni kwa mpigo, na mkuu wa ofisi akamgeukia fundi kabla hajameza chai yake. Ilibaki moja tu ya kijani, ya Bi Mkubwa.

Kila nukta ilikuwa mtu aliyekaa nyumbani kwake akijibu maswali ya wateja kwa kompyuta. Seva ya kuwaunganisha wote aliiandika fundi mwenyewe, na ilikuwa na adabu zake: ukibisha inakupokea, na ukishaingia inakuhesabu upo mpaka uage. Mkuu akamuuliza mbele za watu kama ameandika seva au chujio. Watu wakacheka. Fundi aliona aibu hadi masikio yakamwasha, na mfa maji haachi kutapatapa.

"Mbona ya Bi Mkubwa ina siku ya tisa haijakatika?" akasema. "Seva ni nzima. Hao wenzake wanajizimia wakalale."

Mchana huohuo watu wawili, mmoja wao mama wa mtoto mchanga, wakapewa barua za onyo.

Fundi alijua fika kwamba wateja wakizidi, seva yake huelemewa ikawatupa nje wote wanaohudumia. Bi Mkubwa haikumtupa kwa sababu hakuwa na mteja hata mmoja. Alikuwa wa akiba, hufikiwa tu wenzake wanapokosekana kabisa, na wiki zile hakuna aliyemfikia. Amewasingizia watu, tena kwa jina la Bi Mkubwa, mama aliyemtafutia kazi hiyo.

Mkuu, kwa kunogewa, akaandika barua ya pongezi. Alijaribu kumpigia Bi Mkubwa ampe habari, simu haipatikani, na hilo nalo akalisifia: mtumishi wa kweli akiwa kazini simu anazima. Akamtuma fundi aipeleke barua mwenyewe.

Njia nzima fundi alikuwa akijisuta. Alipofika kwenye ngazi za nyumba ile alikuwa ameshaamua: atamweleza Bi Mkubwa kila kitu, amwombe radhi, kisha amsihi afuatane naye kwa mkuu, maana peke yake hakuwa na uso wa kurudi kuungama.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyefanana na Bi Mkubwa kama pacha. Alikuwa dada yake.

"Shikamoo, mama. Natoka kazini kwa Bi Mkubwa," fundi akasema, akiinyoosha bahasha kwa mikono miwili. "Nimemletea barua. Yupo?"

Dada mtu hakuipokea.

"Umeme ulipokatika Jumatatu ya wiki iliyopita, marehemu aliteleza hapo ngazini ulipopita. Tukamzika kesho yake," akasema. "Hakuja hata mmoja wenu, mwanangu. Tukajua mmetususia."