Maji Katika Kopo la Mvua

Asubuhi ile mwalimu wa chekechea alikuta maji kwenye kopo la kupimia mvua, ingawa vumbi la uwanja lilikuwa kavu kama jana yake.

Watoto walishangilia. Tangu Machi walikuwa wakilichungulia kopo hilo kila siku, kisha mmoja wao anachora jua ubaoni. Mvua hawakuwahi kuichora.

Mwalimu alitumbukiza rula. Maji yalifika kwenye sentimita mbili. Alipoinua macho alimwona Nosim amesimama nyuma ya wenzake, kibuyu chake cha maji ya kunywa kikining'inia kitupu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na kwenye ufa mmoja palikuwa na tone dogo la damu.

Akamwita kando, akachuchumaa mbele yake.

"Nosim, haya ni maji yako?"

Mtoto aliitikia kwa kichwa.

"Mbona hukunywa?"

"Baba amepeleka ng'ombe Kakesio kutafuta majani. Alisema atarudi hapa Karatu mvua ikinyesha."

"Lakini hii si mvua, mwanangu."

"Najua, mwalimu. Ila ikichorwa ubaoni, kuna mtu atamwambia baba."

Mwalimu alimnywesha maji kutoka kikombe chake mwenyewe, taratibu, mpaka yakaisha. Kisha akamkabidhi chaki.

"Chora wewe."

Nosim alichora mtu mwenye fimbo ndefu. Nyuma yake akachora ng'ombe, na mwingine, na mwingine tena, mpaka chaki ikamwishia mkononi.