Futa Diski Nzima

Mchi wa kutwangia fufu ulipotua mlangoni mara ya tatu, ubao wa juu ulipasuka. Esinam hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba tangu Jumanne, hata vidole havikunjiki, kwa hiyo alisogeza kishale kwa mkono wa kushoto, polepole, akikosea na kurudia.

"Esinam, fungua," mumewe, Senyo, alisema kutoka nje. "Nakuomba. Usiiguse hiyo kompyuta."

Kompyuta ilimuuliza lugha. Akachagua. Ikamuuliza aina ya kibodi, kisha ikamuuliza yuko upande gani wa dunia. Akabonyeza Akra, ijapokuwa wao walikuwa mji wa Ho.

Hakuwahi kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, maishani mwake. Jumatano, wakati wa chakula shuleni, alimwendea Dotse, mwalimu mwenzake afundishaye hesabu, akamwambia anataka kuachana na Windows. Dotse alifurahi kama mlokole aliyepata muumini mpya. Kati ya aina za Linux, alisema, Debian ni ya wenye roho ngumu. Akaisifu Ubuntu, akasitasita, mwishowe akamwekea Mint kwenye flashi, maana haimtishi mgeni. Akamwonya kwamba mbele ya safari angekuta njia mbili: kuiweka Linux kando ya Windows, au kufuta diski nzima. Wanaoanza huchagua ya kwanza.

"Na vilivyomo vikishafutwa havirudi?" Esinam aliuliza.

"Havirudi, dada." Dotse aliutazama ule mkono, akashusha sauti. "Pale kwangu kuna chumba. Mke wangu hana maneno. Siku yoyote."

Esinam aliinamisha kichwa, akamshukuru.

Sasa zile njia mbili zilikuwa mbele yake. Mchi ukagonga tena, bawaba ikang'oka. Akachagua ya pili. Onyo likatokea, akalikubali bila kulisoma. Mstari wa kijani ukaanza kujaa, naye akauhimiza moyoni, kaza mwendo, kaza mwendo.

Mlango ulianguka. Senyo aliingia akihema, mchi mkononi, akampita mkewe kama hakumwona, akaivamia kompyuta. Esinam akapiga yowe moja tu.

Lilitosha. Maseremala wa upande wa pili wa ua walikuwa wameshafika kibarazani. Walichoona ni mwanamume mwenye mchi na mwanamke aliyevimba mkono, hawakuuliza. Wa kwanza alimtandika Senyo ubao wa shingo. Alipoanguka wakamkanyaga mbavu, wakamburuta kwa miguu hadi uani, na Mama Ablavi, mwenye nyumba, akamtemea mate. Jino moja la Senyo lilibaki sakafuni. Hakujitetea. Alijikunja tu, akakinga uso kwa viwiko, upesi, kama mtu anayejua kipigo kifuatacho kitatokea wapi.

Esinam alisimama penye fremu tupu ya mlango akitazama. Nyuma yake kompyuta ilitoa mlio mdogo. Kazi ilikuwa imekwisha.

Polisi wawili walifika. Sajini aliwasukuma watu kando, akachuchumaa, akamwinua Senyo kidevu na kumkazia macho kwa muda.

"Si wewe uliyekuja kituoni jana?" alisema. "Tukakucheka, tukakwambia usirudi bila ushahidi. Haya, ziko wapi hizo video za mkeo akikupiga?"