Pumu ya Kongoni

Husimuliwa mbugani kwamba Kongoni alishinda mbio, mkojo wake ukakutwa na dawa iliyokatazwa. Akampa mwamuzi Nungunungu cheti cha daktari: "Ana pumu ya ukoo, na dawa hii ndiyo tiba yake." Akaachiwa medali, akaenda nayo shingoni kuposa binti, Nungunungu akiwa mshenga wake.

Shangazi wa binti, aliyeijua kila nasaba ya mbugani, akauliza, "Hiyo pumu, mwanangu, wajukuu wetu wataipata wangapi?"

Kongoni akaona mchumba anamponyoka. "Pumu gani, shangazi? Kwetu hakohoi mtu! Dawa niliimeza ili nishinde tu."

Nungunungu akainuka, akamvua medali.

Shangazi akairudisha posa. "Mgonjwa tungemuuguza, mwanangu," akasema. "Mwongo tutamtibu kwa dawa gani?"