Mkwe Mwenye Nuru

Kwa jina la Mola aliyeumba walimwengu wote, wa huku na wa kule nyotani.

Anangisye alilima kakao kijijini Ikolo. Mpenzi wake alikuwa binti wa sayari ya mbali, mwenye uso ung'aao. Siku moja chombo cha kwao kilitua mpungani kumchukua.

"Nikibaki, sitawaona tena wazazi wangu," alisema binti.

"Na ukienda, mimi je?" aliuliza Anangisye.

Kabla binti hajamjibu, baba yake Anangisye akatokea njiani, mkungu wa ndizi begani. Upesi binti akaingia migombani, akageuka na kujifunika khanga, kama mke wa Kinyakyusa anavyomkwepa baba mkwe kwa desturi. Nuru ya uso wake ikapenya kitambaani.

Mzee naye akageukia kando, akacheka. "We kijana! Umeoa bila kuniambia?"

Chombo kikapaa bila binti. Ewe Mola, wabariki waliobaki.