Pole kwa Mama Mulki

Daktari Mukhisa alibisha hodi tena, sukari na majani chai mkononi, huku akiomba moyoni pasiwe na mtu ndani.

"Si uingie tu! Mlango uko wazi."

Alivua viatu, akaingia. Nyumba ilikuwa nyuma ya msikiti, mjini Bungoma, imejaa vitambaa vya kuuza. Zaitun, mwenye nyumba, alipomtambua alishika kifua kwa mshangao. Mukhisa alishindwa kumtazama usoni.

Zamani Zaitun alikuwa na duka Kitale, mbali na kliniki ya moyo. Ni wakati huo Mukhisa alipompasua binti yake, Mulki, akamwekea vali ya chuma moyoni, akakesha naye katika wodi ya mahututi mpaka akafumbua macho. Vali ya namna hiyo inadai dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote, na damu ipimwe kila mwezi. Kisha zikaja vurugu za uchaguzi. Mulki hakurudi kliniki. Vijana wa utafiti wake kuhusu wagonjwa hao walipotumwa kwao walikuta kufuli mlangoni, na simu haishiki. Wagonjwa wengi wa mashambani walipotea vivyo hivyo. Mwenye vali ya chuma hafiki mbali bila dawa, na Mukhisa, ambaye hakupenda kujipendelea, aliwahesabu wote waliopotea pamoja na marehemu.

Utafiti wake ulichapishwa katika jarida kubwa la upasuaji wa moyo. Ulisema bila kuuma maneno kwamba anayeishi mbali na kliniki asiwekewe vali ya chuma, maana ni kumrudisha nyumbani akafe. Wakubwa walimpigia makofi. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuufuata. Alipoletewa Lenah, msichana aliyehitaji vali kama hiyo, binti wa Chesang, mkulima wa mbali huko Endebess, alimwandikia vidonge, akakataa kumpasua.

"Kosa nililomfanyia msichana mmoja wa Kitale silirudii," alimwambia Chesang.

"Sawa, daktari. Wewe ndiye unajua," Chesang akajibu.

Juzi tu mfanyabiashara mmoja alimtajia Mukhisa kwamba Zaitun yuko Bungoma. Hakuthubutu kumuuliza habari za binti. Angeanzia wapi? Alinunua sukari na majani chai, vitu vya kupelekea wafiwa, akaja.

"Mama," alianza. "Nimechelewa sana kukupa pole. Nilijua kufika kliniki kila mwezi kutawashinda, na bado nikampasua. Nilitaka sifa. Kila nikilala namwona. Naomba unisamehe."

Zaitun alimkazia macho kama mtu aliyeambiwa habari za jirani.

"Daktari, uko na homa? Hebu kunywa chai kwanza." Akageukia mlango wa nyuma. "Mulki! Letea daktari chai!"

Aliingia mwanamke kijana aliyenawiri, themosi mkononi. Alipoinama kumimina, Mukhisa alisikia mlio mdogo kutoka kifuani mwake, tik, tik, tik. Mlio huo angeutambua hata usingizini, na machozi yakamtoka.

"Ati daktari analia?" Mulki alicheka. "Si tulihama tu, bana! Tulikimbia na nguo za mwilini, simu ikapotea. Damu napima hapa kwa hospitali ya masista."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Na siko peke yangu. Wale tulilala na wao kule mahututi, Pauline wa Matulo, Kizito wa Saboti, wote walikimbilia huku. Tunapatana kwa foleni, tunapiga stori. Wote wazima. Ni wewe tu hatukukupata. Tukasema, labda daktari aliuawa kwa zile fujo. Mama akakuombea dua."

"Niliomba kweli," Zaitun alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Kumbe uko, na wewe ndiye unatuletea matanga!"

Mukhisa alicheka nao, kwa sababu walikuwa wakingoja acheke. Jumamosi iliyopita alikuwa Endebess, akitupa udongo kwenye kaburi la Lenah, na Chesang alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kutompasua mtoto bure.